Kampuni za kinywe (grafiti) cha betri: nichunguze nini kabla ya kuweka fedha ya korosho?

MkulimaRuangwa

Wakuu, habari za leo. Nipo Ruangwa, Lindi. Msimu wa korosho umeisha, AMCOS (chama cha ushirika) wameshalipa, madeni ya pembejeo yameondoka, na kimebaki kiasi ambacho naweza kukiacha miaka mitano bila kukigusa. Huku kwetu maongezi ni kinywe tu: Nachu, Chilalo, Lindi Jumbo, yote ipo ndani ya wilaya hii moja. Tunaambiwa betri ya gari la umeme haitengenezwi bila kinywe, na mwenye hisa sasa ndiye atakayevuna.

Naomba wanaojua wanisaidie haya:

1. Kampuni zenye miradi hii zinauza hisa Australia. Mtu asiye mtaalamu wa madini asome nyaraka gani, na aanze na ipi?
2. Kuna kundi la WhatsApp linauza "hisa za mradi wa kinywe" kuanzia laki 5. Wana cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na leseni ya madini. Nawahakiki vipi?
3. Teknolojia yenyewe ina uhakika gani? Nisije nikanunua kitu ambacho betri mpya itakifuta.

---

Leseni_na_Ramani

Karibu mkuu. Naanza na la pili, maana hapo ndipo fedha huondoka yote kwa siku moja.

Cheti cha BRELA kinathibitisha kuwa jina limesajiliwa, basi. Kampuni ya madini na duka la vitenge wanapata cheti kile kile. Ruhusa ya kuuza hisa kwa umma inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na kampuni lazima iwe na waraka wa matarajio (prospectus) uliopitishwa na mamlaka hiyo. Waombe waraka huo. Wakikujibu kwamba "hii ni ya watu wachache, haihitaji kibali" huku kundi lina mamia ya watu, achana nao hapo hapo.

Ukitaka kuendelea kuwachunguza, ingia kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni (ORS), fungua akaunti, omba upekuzi rasmi wa kampuni na ulipe kwa namba ya malipo. Utapata taarifa yenye tarehe ya usajili, wakurugenzi, wanahisa na mgawo wao, mtaji, na rehani zilizosajiliwa juu ya mali za kampuni. Angalia kama anayekusanya fedha yumo kati ya wakurugenzi au wanahisa. Halafu angalia kama hisa unazouziwa zipo. Kampuni yenye hisa 1,000 ambazo zote ziko kwa watu wawili haiwezi kukupa "hisa 50" kwa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Mgawo mpya au uhamisho wa hisa unapelekwa BRELA, na jina lako linaonekana kwenye upekuzi unaofuata. Lisipoonekana, huna hisa, hata risiti iwe na mihuri mitatu.

Sasa leseni. Usikubali picha iliyokatwa nusu. Taka namba kamili, na herufi za mwanzo wa namba hiyo ndizo zenye habari:

PML ni leseni ya mchimbaji mdogo. Kwa kinywe eneo lake halizidi hekta 10, inadumu miaka 7, na ni ya Watanzania pekee. Wakikwambia "tuna wabia wa Kanada" huku leseni ni PML, hao wabia hawawezi kuwa wenye leseni hiyo.

PL ni ya utafutaji. Inatolewa kwa miaka 4, inahuishwa kwa 3, kisha kwa 2. Inaruhusu kuchoronga na kupima. Haimpi mtu haki ya kuchimba na kuuza.

ML ni ya uchimbaji wa kati, mtaji kati ya dola 100,000 na dola milioni 100. SML ni ya uchimbaji mkubwa, kuanzia dola milioni 100.

Ukiwa na namba, ihakiki kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini au ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Unatazama jina la mmiliki, hali ya leseni (hai, imeisha, imeombwa tu), tarehe ya mwisho na mipaka. Kinachowapita wengi ni hali ya "imeombwa". Ombi linachorwa kwenye ramani kama leseni, lakini halijampa mtu haki yoyote.

Kampuni za nje pia zina mtego wa majina. Unanunua hisa za kampuni mama huko Australia, leseni iko kwa kampuni ya ubia hapa nchini, na serikali ina hisa zisizopungua 16% ambazo haizilipii na hazipungui hata hisa mpya zikitolewa. Mfano ni Chilalo: kampuni mama ni Evolution Energy Minerals, ya ubia ni Kudu Graphite, na mkataba na serikali ulisainiwa Aprili 2023. Mahenge kule Ulanga ni Black Rock Mining na Faru Graphite, mkataba wa Desemba 2021. Chora mnyororo huo kwenye karatasi kutoka leseni hadi hisa yako. Kila kampuni iliyo katikati, jiulize inamiliki asilimia ngapi na ina madeni gani.

---

Chekeche

Nachukua la tatu. Kuna kinywe, na kuna kinywe cha betri. Taarifa nyingi za kampuni zimeandikwa ili usivitofautishe.

Kwanza betri. Anodi (upande hasi) ya betri ya lithiamu karibu yote ni kinywe, takriban kilo 1 kwa kila kilowati-saa. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60 linabeba kilo 60 hivi. Ukisikia betri za chuma-fosfeti zinachukua nafasi ya zile za nikeli na kobalti, usishtuke, mabadiliko hayo yako kwenye katodi (upande chanya), na anodi inabaki kinywe. Silikoni huchanganywa kidogo kidogo ndani ya kinywe ili kuongeza uwezo. Betri za sodiamu ndizo zisizotumia kinywe, zinatumia kaboni ngumu, kwa hiyo hizo zifuatilie.

Lakini mshindani mkubwa yupo leo na anauza: kinywe cha kutengenezwa kiwandani kutokana na masalia ya mafuta ya petroli, hasa China. Mahitaji ya kinywe duniani yanaweza kupanda huku bei ya kinywe cha kuchimbwa ikishuka, kwa sababu viwanda hivyo vinaongeza uzalishaji haraka kuliko mgodi. Anayekupa hoja ya "magari ya umeme yanaongezeka" peke yake hajakwambia kitu kuhusu bei.

Sasa safari ya jiwe. Mwamba unasagwa, unaeleshwa kwenye matangi ya povu, yanatoka makinikia yenye kaboni 94 hadi 97%. Makinikia yanakaushwa na kuchekechwa kwa ukubwa wa chembe bapa. Zaidi ya mikroni 300 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huitwa jumbo, 180 hadi 300 ni kubwa, 150 hadi 180 za kati, chini ya 150 ni ndogo. Bei inafuata ukubwa na usafi.

Chembe kubwa ndizo ghali, lakini soko lake kuu siyo betri. Zinaenda kwenye matofali ya tanuru za chuma, kwenye vizuia moto vinavyofura vikipata joto, kwenye karatasi za kuziba mashine. Betri hula chembe ndogo, zile za chini ya mikroni 150. Zinasagwa na kuviringishwa mpaka ziwe punje za mikroni 10 hadi 20, zinasafishwa kufikia 99.95%, kisha zinafunikwa kwa lami maalumu iliyookwa. Katika kuviringisha, nusu au zaidi hutoka kama vumbi. Ukiingiza tani 10,000 usitarajie punje zaidi ya tani 4,000 hadi 5,000 kwa mitambo ya kawaida, na lile vumbi lazima lipate mnunuzi wake, la sivyo gharama yote inabebwa na punje. Kampuni ikitangaza mavuno ya 70%, tafuta jaribio lilifanyika kwa mashine gani na kwa kiasi gani.

Miamba ya Ruangwa inajulikana kwa chembe kubwa. Ni sifa nzuri. Ila ukiona gari la umeme kwenye jalada la taarifa, halafu jedwali la ndani linaonyesha zaidi ya nusu ya makinikia iko juu ya mikroni 180, ujue sehemu kubwa ya mapato itatoka soko lingine kabisa, na soko hilo ni dogo. Migodi miwili mipya ikiingia kwa pamoja, bei ya jumbo inaweza kuyumba.

Jedwali hilo ndilo uanze nalo. Lina safu tatu: ukubwa wa chembe, asilimia ya uzito, usafi wa kaboni. Chini yake au kwenye kiambatisho pameandikwa sampuli ilitoka wapi. Hapo soma polepole. Jaribio la maabara la kilo 2 kutoka shimo moja la uchorongaji haliwezi kubeba mgodi wa tani 40,000 kwa mwaka. Tafuta jaribio la tani kadhaa, la mfululizo, lenye mchanganyiko wa mashimo mengi. Angalia pia kama mwamba ulikuwa wa juu uliooza kwa hewa na maji au wa chini ulio mgumu. Ule wa juu ni laini, chembe zinaachia bila kuvunjika. Ukifika kwenye mgumu unalazimika kusaga zaidi, chembe zinavunjika, jumbo inapungua na bei ya wastani inashuka, wakati hesabu zote zilifanywa kwa mwamba wa juu. Miradi ya kinywe huumia mara nyingi hapo, na ripoti ya kitaalamu huwa imesema wazi, tatizo ni kwamba iko kurasa za mwisho.

Kama kampuni inaripoti kwa kanuni za JORC za 2012 (kanuni za Australia za kuripoti madini), kifungu cha 49 kinataka madini ya viwandani kama kinywe yaelezwe kwa sifa za bidhaa inayouzika, tani na asilimia peke yake hazitoshi. Ripoti yenye "tani milioni kadhaa kwa 10%" bila ukubwa wa chembe wala usafi ni pungufu.

Jambo la mwisho kwangu ni usafishaji. China kwa muda mrefu wametumia asidi ya haidrofloriki, rahisi kwa gharama lakini hatari sana kwa watu na maji. Njia mbadala ni joto la karibu nyuzi 3,000, linalokula umeme mwingi, au klorini, au magadi makali. Kampuni ikisema "njia yetu rafiki kwa mazingira", tafuta gharama kwa tani na ukubwa wa mtambo uliojaribiwa. Na mnunuzi wa anodi hakubali bidhaa kwa karatasi. Anapima gramu, kisha kilo, kisha tani, anatengeneza betri na kuzichaji na kuzitumia mizunguko mingi. Shughuli hiyo inachukua mwaka na zaidi.

---

Daftari_la_Hisa

Chekeche amemaliza upande wa jiwe. Mimi nizungumzie fedha. Kampuni ndogo ya madini inakufa kwa kukosa fedha kabla haijafa kwa kukosa mwamba. Zipo zilizokuwa na miradi hapo hapo Ruangwa ambazo hisa zake zilisimamishwa kuuzwa na kununuliwa Australia, na mwenye hisa akawa hawezi kutoka kwa bei yoyote.

Nyaraka zote ni bure. Nenda tovuti ya soko la hisa la Australia, ASX, andika herufi tatu za kampuni, fungua matangazo. Usianze na wasilisho lenye picha. Anza na fomu inayoitwa Appendix 5B, kampuni za utafutaji hutoa kila robo mwaka, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Shuka moja kwa moja sehemu ya 8:

8.3 ni matumizi ya robo hiyo.
8.6 ni fedha zilizopo pamoja na mikopo ambayo haijachukuliwa.
8.7 ni 8.6 ikigawanywa kwa 8.3, yaani robo ngapi zimebaki.

Ikiwa 8.7 ni chini ya 2, kampuni inalazimika kujibu maswali kwenye 8.8: itapata wapi fedha, na itaendeleaje. Majibu hayo yasome neno kwa neno. "Bodi ina imani kwamba itaweza kuongeza mtaji" maana yake hisa mpya zinakuja, pengine kwa bei ya chini ya ile unayonunulia leo.

Kisha ripoti ya mwaka. Ruka barua ya mwenyekiti, nenda kwa mkaguzi wa hesabu, tafuta aya inayosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Kwa kampuni ndogo aya hiyo ni ya kawaida, kwa hiyo linganisha miaka mitatu: ilikuwepo, imeongezwa makali, au imeondoka? Kwenye ripoti hiyo hiyo tazama idadi ya hisa, haki za kununua hisa baadaye, na mishahara ya wakurugenzi. Wakilipwa zaidi ya kilichotumika kuchoronga na kupima, mimi naweka chini. Fomu ya 3Y inaonyesha mkurugenzi akinunua au kuuza hisa zake mwenyewe.

Sasa hesabu ambayo mawasilisho hayaonyeshi. Tuseme upembuzi yakinifu unaahidi faida ya dola milioni 30 kwa mwaka baada ya kodi. Kampuni ina hisa milioni 400, na wewe unagawanya unapata senti 7.5 kwa hisa. Usiishie hapo. Toa 16% ya serikali, inabaki milioni 25.2, ambayo ni senti 6.3. Mgodi unahitaji milioni 120 kujengwa, nusu ni mkopo na nusu hisa mpya. Hisa inauzwa senti 5, kwa hiyo milioni 60 zinahitaji hisa mpya bilioni 1.2. Jumla bilioni 1.6. Gawanya milioni 25.2 kwa bilioni 1.6: senti 1.6 hivi, na riba ya mkopo bado hujaitoa. Kutoka 7.5 hadi 1.6, mwamba ule ule. Fanya hesabu hii kwa kila kampuni kabla hujafikiria jambo lingine lolote.

Angalia upembuzi uko hatua gani. Wa mwanzo kabisa makosa yake yanaweza kufika theluthi au zaidi ya gharama, wa awali robo hivi, yakinifu 10 hadi 15%. Na tazama ni rasilimali ya daraja gani inatumika: inayokisiwa, inayoashiriwa, au iliyopimwa. Ile inayokisiwa hairuhusiwi kugeuzwa akiba ya kuchimbwa.

---

MkulimaRuangwa

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimefungua 5B ya kampuni moja (sitaitaja). 8.3 ni milioni 1.9, 8.6 ni milioni 2.3. Nimepata 1.2. Wameandika pia kwamba wana "mkataba wa mauzo unaofunga kisheria" wa tani 30,000 kwa mwaka, lakini chini kuna "masharti ya awali". Hapo nasoma vipi?

---

Daftari_la_Hisa

Umepatia. 1.2 ni kama miezi mitatu na nusu. Subiri tangazo la hisa mpya, litakuja kabla hujamaliza kusoma.

Kwenye mkataba tafuta vitu hivi. Masharti ya awali ni yapi: mara nyingi ni "kampuni ipate fedha za ujenzi" na "bidhaa ipite vipimo vya mnunuzi". Mwenye benki anasema nitakukopesha ukiwa na mnunuzi, mnunuzi anasema nitanunua ukiwa na mgodi, na wote wawili wanasubiriana. Pili, tarehe ya ukomo: masharti yasipotimia kufikia siku fulani, mkataba unakufa wenyewe. Kampuni nyingi husogeza tarehe hiyo kimya kimya, na ikisogezwa mara mbili mimi nahesabu mkataba haupo. Tatu, bei. Kinywe hakina bei ya soko la dunia inayotangazwa kila siku kama shaba au dhahabu, bei ni ya makubaliano. Kama mkataba unasema "bei ya soko wakati huo", basi umefunga tani tu. Nne, mnunuzi asipochukua mzigo analipa? Kama halipi, ni ahadi ya adabu.

Hati za makubaliano ya awali, zile za kusainiwa mbele ya kamera, zipe thamani sifuri kwenye hesabu yako.

---

NjiaYaBandari

Daftari na Chekeche wameeleza vizuri, ila wote wameacha barabara.

Makinikia yanafungwa kwenye mifuko ya tani moja, yanapakiwa lori mpaka bandari ya Mtwara. Kutoka Ruangwa unatokea Nanganga kushika barabara ya Masasi na Mingoyo. Soma sura ya usafirishaji ya upembuzi: wameweka dola ngapi kwa tani mpaka melini, na kwa barabara ya hali gani wakati wa masika? Oktoba mpaka Januari korosho inagombea malori yale yale na makontena yale yale, kwa hiyo bei moja ya mwaka mzima ni ya mashaka. Umeme pia: Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zimetegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay. Kiwanda cha kukaushia makinikia kikiendeshwa kwa jenereta za dizeli gharama inabadilika kabisa. Tafuta kama upembuzi unahesabu umeme wa gridi ambao laini yake haijajengwa.

Fidia ya wanakijiji wanaopisha mgodi nayo ni namba, siyo hisani. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 baada ya tathmini kupitishwa, riba inaanza kuhesabiwa. Ruangwa unaweza kuuliza mwenyewe kijijini: tathmini ilifanyika lini, nani amelipwa, nyumba mpya zimefika hatua gani. Mwekezaji aliyeko Perth, Australia, hana taarifa hiyo. Wewe unayo kwa nauli ya bodaboda, na kwa kampuni iliyotangaza "fidia imekamilika" ni kipimo kizuri sana cha ukweli wa matangazo yake mengine.

Kisha soma historia ya Balama, hapo ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Ni mgodi mkubwa wa Syrah Resources, ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2017 na uwezo wake ni takriban tani 350,000 kwa mwaka. Mwamba mzuri, mgodi umejengwa, mnunuzi yupo. Bei ikaanguka, 2019 wakapunguza uzalishaji sana, 2020 wakasimama, na Desemba 2024 wakatangaza kushindwa kutimiza mikataba kwa sababu ya maandamano yaliyozuia kazi. Matangazo yao ya miaka hiyo ni darasa la bure kwa mtu wa Lindi. Hayo yote yalitokea kwa mgodi ambao tayari unafanya kazi.

---

Chekeche

Kweli kuhusu Balama, ila usimtoe mtu imani kupita kiasi. Desemba 2023 China ilianza kudhibiti kwa vibali usafirishaji wa kinywe nje, na tangu hapo wanunuzi wa Korea, Japani na Marekani wanatafuta chanzo kingine kwa dhati. POSCO ya Korea, kampuni ya chuma, ilianza kuingiza fedha Mahenge hata kabla ya udhibiti huo. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa namna hiyo anaweka mtaji wake ndani. Akiweka fedha, amepima bidhaa kuliko sisi wote. Akisaini tu, bado anapima.

---

BintiMikindani

Naongeza njia ya kununua, maana hamjaigusa.

Kaka MkulimaRuangwa, hisa za kampuni hizi zinauzwa ASX, haziko soko la Dar es Salaam. Kununua nje kunagusa kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, mwandikie dalali mwenye leseni ya CMSA (orodha ipo kwenye tovuti yao) na uombe jibu la maandishi: inaruhusiwa kwa mkazi, kwa utaratibu gani, na fedha ikirudi inarudije.

Jihadhari na programu za simu zinazosema "nunua hisa za dunia nzima kwa dola 10". Nyingi zinauza mkataba wa kubashiri kupanda na kushuka kwa bei, hisa yenyewe hupati. Jina lako haliingii kokote, na kwa mkopo wanaokupa ndani ya programu, bei ikishuka kidogo salio lako limefutwa. Fungua masharti yao, tafuta kama wewe ni mmiliki wa hisa au mshiriki wa mkataba, na nani anazitunza.

Hesabu gharama zote: kubadili shilingi kwenda dola ya Marekani kisha dola ya Australia, tozo ya kutuma, kamisheni ya chini ya dalali. Kwa kiasi kidogo gharama hizo zinakula sehemu kubwa kabla hisa haijasogea. Na tazama wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku. Kampuni ndogo inaweza kupita siku nzima bila mnunuzi wa maana, ukitaka kutoka unauza kwa bei ya kutupa.

---

MkulimaRuangwa

Nashukuru dada. Wale wa WhatsApp nimewaomba waraka wa CMSA, wamenitoa kwenye kundi. Kabla ya hapo walikuwa wametuma leseni. Inaanza na PL, na kwenye ujumbe wao wanaahidi gawio la 10% kila mwezi kutoka "mauzo ya kinywe". Jirani yangu ameshawapa laki 8. Afanye nini?

---

Leseni_na_Ramani

PL haiuzi kinywe. Hakuna mauzo, kwa hiyo hakuna gawio. Kinacholipwa kila mwezi, kama kinalipwa, ni fedha ya waliojiunga baada yake.

Jirani asitume nyongeza yoyote, hata wakidai "ada ya kutoa fedha zako", hiyo huwa hatua inayofuata. Asitoke kwenye kundi wala asifute ujumbe. Apige picha za skrini zenye namba za simu na tarehe, achukue taarifa ya miamala kutoka mtandao wake wa simu au wakala wa benki, aandike jina lililotokea wakati wa kutuma fedha. Mara nyingi jina hilo halifanani na la kampuni, na ndilo polisi wanalohitaji. Apeleke yote polisi Ruangwa apate namba ya jalada, kisha nakala aitume CMSA kwa barua na Tume ya Madini kwa Afisa Madini Mkazi, akitaja namba ya PL. Kuna uwezekano mwenye leseni halisi hajui kwamba inatumika hivyo, na yeye ndiye atakayekuwa na haraka kuliko ofisi yoyote ya kutaka iondolewe mitandaoni. Aende wiki hii, kabla laini hizo hazijazimwa.